Kilio ya Holo ya Jairos

Kashikishi, tarehe 14 mwezi wa ine 2024

Yaya Agnès,

Nakusalimia weye dada yangu, nasalimia mama yetu Fidélie, nasalimia na ile paka yako yenye inakaaka ku kiti ya bageni. Shiye huku tuko bazima. Mi niko nanenepa. Kama mutu anakuambia Octave anateseka mu kambi ya bakimbizi ku Mantapala, umufukuze. Umuambie Octave eko mutu mukubwa ku Zambia, hata samaki za mu ziwa zinamujua jina.

Bon. Jambo yenyewe ni hii. Kila siku ya posho, mwisho ya juma, mi na bibi yangu Plamedie na benzetu ya Mantapala tunashuka Kashikishi kucheza teatre. Tunachezea mu holo moja ya zamani karibu na soko, ya matofali ya kuchoma, bati yake ilisha kuwa nyekundu sawa pilipili. Banaiita Holo ya Jairos, juu mzee Jairos aliijenga zamani, wakati samaki ilikuwa bado samaki. Teatre ikiisha, tunaonyesha filme ku kibambazi ya nyuma, tuliipakaa chokaa. Na nani anaelezea batu ile filme? Mi! Muchina wa mu filme anaongea Kichina, mi naongea Kiswahili, kisha Kibemba, na midomo yake inafuata yangu. Siku moja sauti ya mashini ilikufa kabisa, hakuna mutu aliona. Batu banatoka hata Chienge kuya kunisikia. Chienge, yaya! Na ile barabara!

Sasa holo inataka kufa. Mzee Jairos alisha kufa, mupwa wake Ba Levy Mwila njo alibaki nayo. Anataka kuivunja, ajenge pale shopping centre: maduka ya bloki, bioo, jina ya kuwaka taa juu. Sikatae maendeleo, mi mwenyewe ni maendeleo. Lakini hatuna fasi ingine. Ku kambi umeme hakuna. Kanisa moja ilisema teatre ni ya shetani, masomo moja ikasema tutabavunjia madeski.

Na kuko jambo yenye sikukuambiaka. Tangu tukimbie vita, Plamedie hakuchekaka. Hata mi nikifanya byote, unanijua, hapana. Siku ya kwanza bakamupatia mu teatre kazi ya mama-mukwe mwenye kelele, batu bakacheka, na ye mwenyewe akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Yaya, mi nilienda kusimama inje, nikasema moshi ya samaki iliniingia mu macho. Kama ile holo inavunjwa, sijue nitamupeleka wapi.

Ba Mwila ataita batu bote tarehe 25 mwezi wa tano, kila mutu aseme. Nitasimama. Nitabaambia historia ya masine, zile nyumba ya filme, na magaleri, zile nyumba ya maduka, ya Lubumbashi yote, juu huku bananijua kama mutu ya ville, ya muji mukubwa. Lakini mi nilikuwa mutoto, na masomo yangu iliisha haraka juu ya ule mwalimu mwenye wivu. Weye na mama mulikuwa munauzisha ku mulango ya sine. Uniandikie byote. Utie na Kifaransa kidogo, kama chumvi.

Barua napatia Djo, ule mwenye mashua ya kuvusha samaki kati ya huku na Kilwa. Kule ataipatia kamyo ya Lubumbashi.

Mudogo yako, Diregta Mukubwa wa Teatre ya Ziwa Mweru,
Octave


Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa tano 2024

Mudogo yangu Octave,

Barua yako ilifika na harufu ya samaki. Paka ilitaka kuisoma mbele yangu.

Kwanza tunyoshe bongo moja, uongo yako ya mu barua. Mwalimu hakuwa na wivu. Masomo iliisha juu ulikuwa unaruka kibambazi ya masomo kila kisha-saa-sita kwenda ku sine. Basi na weye uko ndani ya hii historia.

Sasa sikiliza. Mama anasema, mi naandika, ananipiga na kijiko nikichelewa.

Sine ya kwanza yenye mama aliona haikuwa nyumba, ilikuwa shuka. Mapadri banaitundika mu lupango ya parwasi, kiwanja ya kanisa, mashini inalia trrr, batu banakaa chini. Benye kuchelewa banakosa fasi, banaenda kukaa upande ya nyuma ya shuka. Kule unaona filme ile ile, ila imegeuka. Mama alikuwa anachelewaka kila mara juu ya kusonga bukari. Miaka mingi aliamini kama bazungu bote banapigana na mukono ya kushoto. Alishangaa sana siku muzungu ya kweli alimupiga baba yake na ya kuume.

Mu ville kulikuwa Sine Malaika, na biti byekundu bya kulala. Ile wakati mutu mweusi alikuwa anaifagia, hakai. Uhuru ikafika, mulango ikafunguka, lakini kwa mwenye biatu tu. Ku kona kukakuwa mzee moja na gunia ya biatu ya kukodisha: unavaa, unaingia, ukitoka unarudisha. Weye ulivaa ya mutu muzima, ukalala mu filme, ukatoka na kiatu moja. Mpaka leo sijue ingine ilienda na nani.

Shiye tulikuwa ku mulango. Mama na karanga, mi na mayai ya kuchemsha, na bamama bengine kumi na bao. Filme ikiisha batu habaende. Banabaki kwetu, mu mwangaza ya mataa yetu, banabishana: ule mwizi alikufa kweli, ao alijifanya? Banatafuna, banabishana, kesho banarudi kuona nani alisema kweli. Kisha akakuya meneja mupya mwenye masomo mingi. Akatufukuza, eti tunaleta buchafu. Akaweka ndani meza ya kioo na bombo, zile peremende. Safi sana! Filme inaisha, batu banatoka, inje ni giza, hakuna wa kubishana naye, kila mutu kwake. Kidogo kidogo habakurudi. Batu banasema televizyo njo iliua Sine Malaika. Bongo. Iliuliwa na kimya ya ku mulango.

Ikakuwa kanisa, kisha depo ya unga, leo banauzisha masimu ndani. Na mu barabara ya ngambo bakajenga galeri ya etaji mbili, na ngazi yenye kupanda yenyewe. Siku ya Mungu batu banatoka misa na nguo muzuri, banapanda, banashuka, habanunue kitu. Mabibi-arusi banapigwa picha pale. Sasa umeme inakosekana, ngazi ilisimama. Batu bangali banaipanda na miguu, na bangali banashika ile mukanda ya pembeni kwa nguvu, sawa vile itaondoka gafla.

Njo historia. Lakini mi nakuomba, Octave: usiende kubaelezea ville. Ubaulize bo holo yabo ilibafanyiaka nini. Mutu ya huko hapiganie sine ya Lubumbashi.

Plamedie umukumbatie kwa ajili yangu. Haukuniambiaka ile jambo, na nilikuwa nauliza kila mara.

Yaya yako,
Agnès


Kashikishi, tarehe 28 mwezi wa tano 2024

Yaya Agnès,

Nilibaelezea ville.

Ngoja, usitupe barua. Batu balijaa mpaka inje, na mi niko na veste. Nilianza na shuka ya parwasi, bakacheka. Nikasema gunia ya biatu, bakapiga mikono. Moto ikanipanda. Nikafika ku galeri. Weye uliandika etaji mbili, nikaona ni aibu kwa Lubumbashi, nikaweka saba. Kisha ile ngazi. Yaya, ile ngazi niliiimba! Ba Mwila akainuka ku kiti yake.

"Ba Octave, hiyo ngazi, mutu anapanda na mizigo yake?"

"Anapanda na ngombe yake, bwana mukwai. Na ngombe haijue kama inapanda."

"Na masine ya zamani, balifanya nini nayo?"

"Balivunja, mukwai. Bakaweka biashara."

Nilisikia maneno ikitoka mu kinywa, nikataka kuirudisha. Haikurudi. Ba Mwila alikuya kunishika mukono mbele ya batu bote. "Natotela, aksanti. Mi nilikuwa na mashaka kidogo juu ya kuvunja. Sasa sina." Batu bakapiga mikono, mi nikapiga pia, juu mukono ilisha kuanza.

Mu njia ya kurudi Mantapala Plamedie alinigeuzia mugongo. Tulipofika akasema: "Octave, siku shetani anatafuta avoka wa kumutetea, nitamupatia namba yako."

Mashini ya kuvunja inakuya tarehe 29 mwezi wa sita. Fundi alisha kuanza kuchimba mufereji ya musingi mupya kando ya holo.

Lakini mutu kama mi hakufe na risasi moja. Kesho yake nilifanya vile ulisema, niliuliza. Kuko mama moja, Ennie, anauzishaka munkoyo, kinywaji ya mizizi, ku mulango ya holo tangu alikuwa kijana. Akaniambia: mu ile holo bachezaji ya Copperbelt balikuya kupiga gitare, na ye Ennie alipata bwana pale, kisha akamupoteza pale pale, kwa nyimbo mbili tu. Kamyo ya serikali ilileta filme. Kisha samaki ikapungua, holo ikakuwa depo ya chisense, ile dagaa ya kukausha, njo maana mvua ikinyesha inanuka. Na mwaka ya vita yetu, benye kuvuka usiku balilala mule. Benye kuvuka, yaya! Batu yetu!

Mwishoni akasema: "Jairos alikuwa mwina Ngo, ukoo ya chui. Na Levy mupwa wake ni Ngo vile vile. Mi ni mwina Mbushi, ukoo ya mbuzi, njo maana namutukana kila asubui na hawezi kukasirika."

Nikaruka! Baba yetu alikuwa mwina Mbushi! Alikuwa anasemaka kila siku! Na huku Mbushi na Ngo ni banungwe, bakoo ya kutaniana. Munungwe anaweza kukutukana, kukunyanganya kofia, haukasirike. Na juu ya yote, ukifiwa, munungwe njo anakuzikia. Anachimba, anaingia mu kaburi mbele ya maiti, analala mule, anakataa kutoka mpaka mumupatie kitu anaomba. Na hamuwezi kukataa.

Unaona? Mukimbizi hana udongo ku Zambia, hana kura, hana kiti. Lakini mu ukoo yake hakuna mupaka. Ba Mwila anaua nyumba ya noko, mujomba yake? Sawa. Nyumba ikikufa, mi njo nitaizika.

Uambie mama mutoto wake anaenda kutumia jina ya baba.

Mwina Mbushi mukubwa,
Octave


Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa sita 2024

Octave,

Kama haujafanya, usifanye. Kama uko na mguu moja mu mufereji, toa.

Nilisomea mama barua yako. Alikuwa anachambua maharagwe, akaacha. Akasema: "Nani alimudanganya huyu mutoto?" Maneno yake ni haya:

"Octave, baba yako alikuwa mwina Mbushi, ni kweli, juu mama yake alikuwa Mbushi. Lakini ku ziwa kwetu ukoo haifuate baba. Inafuata tumbo. Weye ulikomalia mu ville, kule kila biro banakuuliza jina ya baba, baba ya baba, ukafikiri damu yote inaandikwa vile. Weye ulitoka kwangu. Mi ni mwina Ngo. Weye ni Ngo. Ule Levy ni ndugu yako. Ukilala mu kaburi yake na kumutukana, hautaniane. Unatukana mama yako."

Ni mama alisema. Mi naongeza hii tu: dereva wa kamyo nilimulipa chai apeleke barua mbio kwa Djo.

Agnès


Kashikishi, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Yaya!

Ungekuwa hapa! Yaya, ungekuwa hapa!

Djo hajavuka, mashini ya mashua yake ilikufa ku Kilwa, na mi siwezi kungoja, mikono inaniwasha. Nitaandika, barua ingoje.

Jana asubui mashini ya kuvunja ilifika, ya manjano, kubwa kuliko kanisa. Batu ya soko bote bakasimama. Ba Mwila na kofia ya fundi. Gafla banasikia kilio. Ni shiye! Plamedie mbele, kitambaa ku kichwa, analia: "Yooo, holo, uliniacha na nani!" Teatre yote nyuma yake inalia. Mi nilikuya na jembe ku bega, majivu ku uso, nikaruka mu ule mufereji wa musingi, nikalala chali.

Dereva akauliza: "Kuko mutu mule?"

Nikaitika: "Hapana, kuko munungwe!"

Yaya, soko yote ikaanguka na kicheko. Bamama ya samaki bakaacha mizani. Nikapaza sauti: "Weye Levy, chui bila meno! Noko yako alikuachia nyumba, unaikula! Kesho utakula na kitanda yake! Mi mwina Mbushi siwezi kutoka, maiti yangu iko wapi? Niletee maiti nizike!" Mama Ennie akaingia mu moto, akamunyanganya Ba Mwila kofia, akaivaa. Na Ba Mwila, yaya, kwanza uso yake ilikuwa jiwe. Kisha mabega ikaanza kutikisika. Dereva akazima mashini, hakutaka kukosa neno.

Ba Mwila akakuya ku mufereji, akachuchumaa. "Mbuzi weye. Unataka nini utoke?"

"Kibambazi ya nyuma, ile ya chokaa. Na muchanga ya mbele yake, fasi ya batu kukaa. Maduka jenga mbele, mpaka mbinguni. Ile kibambazi usiguse."

Akaangalia batu. Akasema: "Munungwe haombe mara mbili. Uichukue." Akanipatia mukono, akanivuta.

Plamedie alicheka mpaka kitambaa ikaanguka! Tuliimba njia yote.

Ungekuwa hapa, yaya.

Octave Mushindi


Kashikishi, tarehe 4 mwezi wa saba 2024

Yaya,

Ile ya juu sikuituma. Djo alifika leo na barua yako. Nilisomea ku pwani, nimesimama. Kisha nilikaa.

Niliisoma tena. Haikubadilika.

Kwanza nilifikiri hivi, nakuambia wazi: hakuna mutu anajua. Barua iko mu mufuko yangu, na ziwa iko karibu. Ba Mwila alisha kuambia fundi asiguse kibambazi. Nikinyamaza, tuko na fasi ya kucheza mpaka tuzeeke.

Nilionyesha Plamedie. Nikamuambia: "Ni bongo kadogo tu, mama. Mi nadanganya batu tangu nizaliwe." Akasoma pole pole. Akasema: "Octave, bongo zako zote tunacheka juu kila mutu anajua ni bongo. Mutu yote anajua ngombe haikupanda ngazi. Hii hakuna mwenye anajua." Akanirudishia barua. Akaenda kukamata kuku yetu, ile nyeupe, akaifunga miguu, akaiweka mbele yangu.

Ye njo ataumia kuliko bote kama tunakosa fasi, na ye njo alifunga kuku.

Kesho naenda kwa Ba Mwila. Omba na mama.

Octave


Kashikishi, tarehe 21 mwezi wa saba 2024

Kwa Mama Fidélie, ku Lubumbashi

Mayo,

Mi ni Levy Mwila, mwina Ngo. Mi nasema Kibemba, mutoto yako Octave anaandika mu Kiswahili. Bibi yake Plamedie anakaa nyuma yake na kusoma, juu asiongeze.

Mayo, mutoto yako alikuya kwangu na kuku. Akasema maneno yote bila kucheka hata mara moja. Mi nilikasirika. Kutukanwa na munungwe ni furaha, lakini kutukanwa na ndugu mbele ya soko yote ni kidonda. Juma moja nzima sikumusalimia, na ye kila asubui alikuya kukaa ku mulango yangu na kofia mu mikono, kimya. (Mama, kimya ilikuwa nzito sana, nilikonda. Octave.) Plamedie anasema hii nifute. Ba Mwila anasema iache.

Bena Mbushi balikasirika kuliko mi. Ennie alikuya na benzake, eti Ngo moja aliiba kazi yabo. Balimukatia malipo: anamutwangia Ennie mizizi ya munkoyo na kumuchotea maji, mpaka Ennie achoke. Ennie anasema ye hachokake.

Na kibambazi ile, mayo, zawadi yake ilikufa. Nilitoa kwa munungwe, na hakukuwa munungwe. Nilimuambia vile. Akasema: "Ni sawa, mukwai." Akatoka.

Alipotoka, sikulala muzuri. Nilijiuliza: kama haiko mbuzi, eko nani? Eko mwina Ngo. Na noko yangu Jairos hakuniachia holo iwe yangu. Nilipopewa jina yake na mukaba yake, nirizi fasi yake, bakubwa balisema: "Chunga nyumba ya bena Ngo." Mi nilichora shopping centre bila kuuliza mwina Ngo hata moja. Huku benye kubaki ni batoto. Bakubwa benye balivuka kwenda Congo zamani, nilibahesabu sawa bafu.

Sasa nasikia mukubwa moja eko, na ni mwanamuke, na ukoo inatoka kwenu bamama. Mashini ya kuvunja niliirudisha kwa mwenyewe. Sikusema holo itabaki. Nasema tu sitaigusa mbele ya kusikia kinywa yako.

Mayo, maduka nayataka kweli. Vijana ya hapa banataka kazi, na bamama banauzisha chini ya jua. Tufanye namna gani?

Levy Mwila

(Mama, mi siombe kitu. Octave. Plamedie aliona hii na hakusema nifute.)


Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa munane 2024

Levy, mutoto wangu,

Agnès anaandika. Nilimuambia aandike kubwa kubwa.

Tangu baba yabo alikufa hakuna mutu aliniuliza jambo yenye kuzidi chumvi. Barua yako nilisomewa mara tatu. Majirani balisikia pia, nilifungua dirisha.

Jenga maduka yako. Mutu hakule teatre. Yajenge mbele ya holo, kuume na kushoto, na mulango ya holo ibaki katikati, pana, mutu aione toka barabara. Holo yenyewe usiivunje. Toa ile bati nyekundu, tia mupya. Duka ya kwanza karibu na mulango upatie ule Ennie. Chui benye kukaa bila mbuzi ya kubatukana banakuwa batu babaya.

Octave na benzake balipe kodi ya holo sawa bengine, usimuonee huruma juu ni ndugu. Ndugu bakikaa bure banaharibika. Lakini siku ya posho ni yabo, hata mutu akuye na arusi ya mutajiri.

Binti Plamedie, kuku ile nasikia ilikuwa ya mwisho. Agnès anatuma makuta kidogo na dereva, nunua mbili.

Octave, haujue ukoo yako, na haiko masomo yenye ilikosa, ni mi sikukuambiaka. Majina ya batu yako ni mingi, haitoshe mu barua. Djo anasema mwezi ya tisa ziwa inatulia. Nitakuya na Agnès. Muniwekee kiti pale mbele ya holo, nitakuambia mutu kwa mutu. Nitaanzia ku mama yangu. Alikuwa anaitwa Chola, alizaliwa pale Kashikishi, na alipokuwa anacheza jioni, bavuvi balikuwa banaacha nyavu ndani ya maji kuya kumuangalia. Alichezea ku muchanga, pale pale. Holo haikuwa bado.

Mama yenu,
Fidélie